Upendo Usio na Upendeleo: Vipimo Vinne vya Pendo la Mungu katika Imani ya Kikristo

Katika mafundisho yote ya Ukristo, ni machache yanayotajwa mara nyingi kama lile lisemalo kwamba Mungu ni upendo, na huenda hakuna lililozoeleka hadi kuacha kutafakariwa kama hilo hilo. Watoto hujifunza fundisho hilo katika Shule ya Jumapili, kwaya huliimba, nalo huandikwa juu ya kuta za makanisa na migongoni mwa mabasi, hata msikilizaji akaliona kuwa jambo jepesi lisilohitaji maelezo. Waandishi wa kwanza wa Kikristo hawakuliona hivyo. Katika sura ya tatu ya Waraka kwa Waefeso, ambao kwa mapokeo ya kanisa uliandikwa na Mtume Paulo akiwa kifungoni, mwandishi anapiga magoti na kuwaombea wasomaji wake wauelewe upendo wa Kristo kwa vipimo vinne, yaani upana, urefu, kimo na kina, kisha papo hapo anakiri kwamba upendo huo umeizidi akili ya mwanadamu.

Kwa mtazamo wa haraka, sala hiyo inajipinga yenyewe, kwa kuwa inataka kipimwe kitu ambacho inakiri hakipimiki. Hata hivyo, wafafanuzi wa Biblia tangu karne za mwanzo wameona humo mwongozo wa kufikiri: mwanadamu hawezi kuufikia mwisho wa upendo wa Mungu, lakini anaweza kuonyeshwa pande unakoelekea na mipaka unayoivuka. Makala haya yanafuata vipimo hivyo vinne, ili kueleza kwamba katika imani ya Kikristo ukubwa wa upendo wa Mungu hukadiriwa kwa watu unaowafikia, hasa wale ambao wanadamu wenzao wamekwisha kuwaweka nje.

Maneno na mizizi yake

Agano la Kale, ambalo sehemu yake kubwa iliandikwa kwa Kiebrania, lina maneno kadhaa yanayoelezea upendo wa Mungu, na kila moja lina uzito wake. Neno *ahava* ni la jumla, nalo hutumika kwa upendo wa mzazi, wa mume na mke, wa rafiki na wa Mungu. Neno *hesed* lina maana ya wema unaofungamana na agano, yaani uaminifu wa yule aliyetoa ahadi naye haivunji hata mwenzake anapoivunja. Biblia ya Kiswahili ijulikanayo kama Union Version, iliyochapishwa mwaka 1952, hulitafsiri mara nyingi kwa neno "fadhili", kama inavyoonekana katika Zaburi ya 136, ambamo fadhili za Mungu zinatajwa katika kila mstari wa mistari yake 26.

Neno la tatu ni *rahamim*, lenye maana ya huruma, ambalo lina mzizi mmoja na *rehem*, tumbo la uzazi la mama. Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati ya pekee, kwa sababu neno "rehema" limeingia katika lugha yake kutoka Kiarabu, lugha iliyo ndugu wa Kiebrania, na mzizi wake ni ule ule unaozaa neno la Kiarabu la tumbo la uzazi. Kwa hiyo Mswahili anayeomba rehema, awe kanisani au msikitini, anatumia neno ambalo asili yake inakumbusha jinsi mama anavyomwonea uchungu mtoto aliyemchukua mimba.

Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na neno lake kuu la upendo ni *agape*. Mara nyingi hufundishwa kwamba neno hilo lilimaanisha upendo wa Kimungu tu, tofauti na *eros*, upendo wa kutamani, na *philia*, upendo wa kirafiki. Lakini fundisho hilo linahitaji kusahihishwa kidogo. Wayahudi waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki, katika tafsiri iitwayo Septuaginta, walitumia neno *agape* hata kwa tamaa ya Amnoni kwa Tamari, katika Kitabu cha Pili cha Samweli, tamaa iliyoishia katika ubakaji. Uzito wa neno hilo, basi, haukutokana na kamusi, bali ulitokana na habari ambayo Wakristo walilitumia kuisimulia. Katika karne ya 20, mwanateolojia wa Sweden Anders Nygren alitenganisha kabisa *eros* na *agape*, akisema kwamba la kwanza hutafuta chenye thamani ilhali la pili hukipa thamani kile kisicho nayo. Naye Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake wa mwaka 2005 uitwao *Deus Caritas Est*, alijibu kwamba aina hizo mbili haziwezi kutengwa kabisa, kwa kuwa upendo wa kweli hutoa na hupokea.

Kiswahili nacho kina la kusema. Kutoka kitenzi "kupenda" hupatikana "mapenzi", neno ambalo likitajwa pamoja na Mungu humaanisha pia nia au utashi wake, kama katika Sala ya Bwana. Hupatikana "upendo" na "pendo". Na kwa kupitia "kupendelea" hupatikana "upendeleo", yaani hali ya kumthamini mmoja kwa kumnyima mwingine. Mzizi huo mmoja umezaa neno la sifa na neno la lawama. Katika sura ya kumi ya Matendo ya Mitume, Petro anapoingia nyumbani kwa Kornelio, askari wa Kirumi aliyekuwa na cheo cha akida, anatambua kwamba Mungu hana upendeleo. Mwanadamu hupenda kwa kupendelea, lakini Mungu, kwa mujibu wa imani hii, hupenda bila kupendelea.

Upana: ukuta uliobomolewa

Kipimo cha kwanza kinahusu wanaofikiwa na upendo huo. Hekalu la Yerusalemu lililojengwa upya na Mfalme Herode lilikuwa na ua wa nje ambao watu wa mataifa yote waliruhusiwa kuuingia, lakini baada ya ua huo palikuwa na ukuta mfupi wa mawe, ambao mwanahistoria Myahudi Yosefo aliandika kwamba ulikuwa na kimo cha dhiraa tatu, yaani karibu mita moja na nusu. Juu yake yaliwekwa mabamba yaliyomwonya mgeni kwamba akivuka atakuwa amejitakia kifo. Bamba moja kamili la aina hiyo, lenye maandishi ya Kigiriki, liligunduliwa mwaka 1871 na mtafiti Mfaransa Charles Clermont-Ganneau, nalo limehifadhiwa katika makumbusho ya Istanbul, Uturuki.

Matendo ya Mitume, sura ya 21, inaeleza kwamba Paulo alikamatwa Yerusalemu kwa sababu watu walidhani amemwingiza hekaluni Trofimo, mtu wa Efeso. Kwa hiyo, pale ambapo Waraka kwa Waefeso unatangaza katika sura ya pili kwamba Kristo ameubomoa ukuta uliowatenga Wayahudi na mataifa mengine, wataalamu wengi wanaona kuwa mfano huo haukuokotwa hewani: ukuta ulikuwepo, watu waliweza kufa kwa ajili yake, na mwenyeji wa Efeso alikuwa ametajwa katika kesi iliyouhusu. Upana wa upendo wa Mungu, katika waraka huo, unaanza na swali la nani ana haki ya kuingia.

Swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa katika Agano la Kale, ndani ya kitabu kifupi cha Yona. Ninawi, mji ambao Yona alitumwa kuuonya na ambao magofu yake yako Mosul, nchini Iraki, ulikuwa mji mkuu wa Ashuru, na Ashuru ndiyo dola iliyouangamiza ufalme wa kaskazini wa Israeli mwaka 722 kabla ya Kristo. Yona alikimbia kwa sababu alimjua Mungu wake kuwa mwenye huruma, na hakutaka huruma hiyo iwafikie wale aliowachukia. Kitabu kinamalizika kwa swali la Mungu kuhusu mji huo wenye watu zaidi ya 120,000 na wanyama wengi, wala jibu la Yona halikuandikwa, kana kwamba kila msomaji ameachiwa alijibu mwenyewe.

Urefu: subira isiyochoka

Kipimo cha pili kinahusu wakati. Nabii Hosea, aliyefanya kazi katika ufalme wa Israeli katika karne ya 8 kabla ya Kristo, aliufananisha uhusiano wa Mungu na watu wake na ndoa ambayo mke ameiacha, na mume, ambaye kwa desturi za siku zile angeweza kumwacha kwa aibu, anamfuata na kumrudisha. Katika sura ya 11 mfano unabadilika, Mungu akawa mzazi aliyemfundisha mwanawe kutembea na ambaye sasa, mtoto akiwa amemwasi, moyo wake unapinduka ndani yake anapofikiria kumwacha. Hosea hafichi hasira ya Mungu. Anachodai ni kwamba hasira hiyo ina mwisho, ilhali fadhili hazina.

Yesu aliendeleza fundisho hilo katika mifano mitatu ya Injili ya Luka, sura ya 15, ambayo imepangwa kwa namna inayostahili kuangaliwa kwa makini. Kwanza anapotea kondoo mmoja kati ya 100, kisha sarafu moja kati ya 10, kisha mwana mmoja kati ya wawili, hivi kwamba hasara inazidi kuwa kubwa kadiri hesabu inavyopungua. Mwana mdogo alidai urithi baba yake akiwa hai, jambo ambalo katika jamii ile, kama ilivyo katika jamii nyingi za Kiafrika, lilikuwa sawa na kumtakia mzazi kifo. Baba huyo, anapomwona mwanawe kwa mbali, anakimbia, ingawa mzee mwenye heshima zake hakutarajiwa kukimbia hadharani, na anamkumbatia kijana kabla hajamaliza maneno ya toba aliyoyaandaa. Upendo wa namna hiyo una urefu wa njia yote ambayo mpotevu alikwenda, pamoja na siku zote ambazo baba aliitazama njia hiyo.

Kimo: chanzo cha upendo

Kipimo cha tatu kinauliza upendo huo unatoka wapi. Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya nne, hausemi tu kwamba Mungu hupenda, bali unadai kwamba upendo ndio asili yake. Dai hilo lilileta tatizo la kifikra: ikiwa upendo huhitaji anayependwa, Mungu alimpenda nani kabla ya kuumba chochote? Jibu la Wakristo limo katika fundisho la Utatu, yaani kwamba Mungu ni mmoja katika nafsi tatu, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, fundisho ambalo Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 uliliwekea msingi kwa kukiri kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba.

Agostino (354–430), askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, mji ambao leo unaitwa Annaba nchini Algeria, alieleza katika kitabu chake juu ya Utatu kwamba palipo na upendo pana mambo matatu: anayependa, anayependwa na upendo wenyewe. Maana yake ni kwamba Mungu hakuumba ulimwengu kwa sababu ya upweke au upungufu, kwa kuwa upendo tayari ulikuwa kamili ndani yake. Aliumba kwa ukarimu, na kiumbe hakipendwi kwa faida anayoipata muumba wake.

Karibu miaka elfu moja baadaye, mwaka 1373, mwanamke wa Uingereza ajulikanaye kama Julian wa Norwich alifikia wazo kama hilo kwa njia ya maono aliyoyapata akiwa mgonjwa mahututi. Alionyeshwa kitu kidogo kama kokwa kiganjani mwake, akaelewa kwamba hicho ndicho kila kilichoumbwa, na kwamba kinaendelea kuwapo kwa sababu Mungu anakipenda. Kitabu alichokiandika juu ya maono hayo ndicho kitabu cha kale zaidi kilichopo cha lugha ya Kiingereza kinachojulikana kuandikwa na mwanamke, nacho kilitoka katika kizazi kilichokuwa kimeona tauni ikiwazika watu bila hesabu.

Kina: upendo unaoshuka

Kipimo cha nne ndicho kiini cha Ukristo. Kusulubiwa ilikuwa adhabu ambayo Warumi waliitumia hasa kwa watumwa na waasi, nayo ilikusudiwa kuua na kudhalilisha kwa pamoja. Yesu aliuawa hivyo chini ya Pontio Pilato, aliyeitawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi mwaka 36, na Wakristo wanaamini kwamba katika kifo hicho Mungu mwenyewe alishuka hadi mahali pa chini kabisa ambapo mwanadamu anaweza kufikishwa. Katika sura ya tano ya Waraka kwa Warumi, Paulo anatoa hoja kwamba ni vigumu mtu kukubali kufa hata kwa ajili ya mtu mwema, lakini Kristo alikufa kwa ajili ya wanadamu wakiwa bado wakosefu na maadui. Kina cha upendo, basi, ni umbali ulioko kati ya anayependa na kutostahili kwa anayependwa.

Jinsi kifo hicho kinavyookoa imeelezwa kwa njia mbalimbali. Anselmo wa Canterbury (1033–1109) alifundisha kwamba dhambi ilikuwa imevunja heshima ya Mungu, kwamba mwanadamu hakuwa na uwezo wa kuilipa fidia yake, na kwamba Mungu alifanyika mwanadamu ili deni hilo lilipwe. Mfaransa Peter Abelard (1079–1142) alisisitiza kwamba upendo ulioonyeshwa msalabani huuwasha moyo wa mwanadamu ili naye apende. Maelezo hayo mawili yanatofautiana, lakini yote yanakubaliana kwamba hatua ya kwanza ilichukuliwa na Mungu. Agostino alikwisha kuviona vipimo vyote vinne katika umbo la msalaba wenyewe: upana ni mti wa kukingama ulioinyosha mikono, urefu ni nguzo iliyoubeba mwili, kimo ni sehemu iliyopanda juu ya kichwa, na kina ni ile sehemu iliyozikwa ardhini, isiyoonekana kwa macho, ambayo bila hiyo hakuna kinachosimama.

Maswali yasiyokwepeka

Fundisho hili halikukosa mabishano. Origene wa Aleksandria, katika karne ya 3, alitumaini kwamba mwishowe viumbe vyote vingerejeshwa kwa Mungu, lakini mafundisho yaliyohusishwa na jina lake yalilaaniwa wakati wa Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 553. Sinodi ya Dordrecht, iliyofanyika Uholanzi mwaka 1618 na 1619, ilifundisha kwamba kifo cha Kristo kinatosha kwa ulimwengu wote ila kinaokoa kwa hakika wale tu waliochaguliwa, ilhali John Wesley, alipohubiri Bristol mwaka 1739, alisisitiza kwamba neema imetolewa bure kwa wote. Madhehebu yaliyoko Afrika Mashariki yamerithi pande zote mbili za mjadala huo.

Wengine huuliza jinsi upendo usio na mipaka unavyoweza kwenda pamoja na hukumu. Jibu ambalo limetolewa na wengi ni kwamba upendo usiojali uovu unamsaliti anayeonewa: anayempenda mjane hawezi kumtazama kwa utulivu anayemnyang'anya shamba, na hivyo hasira ya Mungu hueleweka kuwa ni upendo wake unapokutana na dhuluma. Swali la mateso ya wasio na hatia ni gumu zaidi, na Biblia yenyewe, katika kitabu cha Ayubu, hailimalizi kwa maelezo. Imani ya Kikristo haidai kwamba apendwaye na Mungu hataumia. Inadai kwamba hakuna maumivu yanayoweza kumtenga na upendo huo, kwa sababu Mungu mwenyewe amekwisha kuyapitia.

Kipimo kinachomgeukia mwamini

Waraka wa Kwanza wa Yohana unamalizia hoja yake kwa kusema kwamba anayedai kumpenda Mungu asiyemwona huku akimchukia ndugu anayemwona ni mwongo, na Waraka wa Yakobo, katika sura ya pili, unalikemea kanisa linalompa tajiri mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumwambia maskini asimame. Makanisa ya Afrika Mashariki na Maziwa Makuu yana sababu ya kuyasikia maneno hayo kwa unyenyekevu. Mwaka 1994 nchini Rwanda, ambako wananchi wengi walikuwa Wakristo, watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, kama yale ya Ntarama na Nyamata, na miongoni mwa wauaji walikuwamo waliokuwa wameimba pamoja nao nyimbo zile zile za upendo wa Mungu. Ukuta uliobomolewa katika Waraka kwa Waefeso ulikuwa umejengwa upya mioyoni.

Lakini ukanda huu huu umetoa ushahidi wa upande wa pili. Baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda kuuawa mwezi Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mmoja wa wahubiri mashuhuri wa Uamsho wa Afrika Mashariki, alilazimika kuikimbia nchi usiku, na mwaka huo huo alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Hakuuhalalisha uovu uliotendwa, bali alikataa chuki isimfanye afanane na aliyemtesa, kwa kuwa aliamini kwamba Kristo alimfia Amin kama alivyomfia yeye.

Katika sala ya Waefeso kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: mwandishi anaomba wasomaji wake waelewe vipimo vile vinne pamoja na watakatifu wote. Maana yake ni kwamba ukubwa wa upendo wa Mungu haufahamiki kwa mtu aliyejifungia peke yake, wala kwa kabila moja, dhehebu moja au tabaka moja, kwa kuwa kila mmoja huona upande mmoja tu. Basi kila anayetamani kuujua upana wa upendo huo na aanze karibu: ampishe maskini kwenye kiti cha mbele, ajifunze jina la jirani wa kabila ambalo nyumbani kwao lilitajwa kwa dharau, na amsamehe yule ambaye kwa haki hakustahili kusamehewa. Hapo ndipo upendo huacha kuwa upendeleo.